Pete ya Moyale na Kidole cha Gacheri

Jumamosi iliyopita tulimwacha Riungu amepiga goti mbele ya wanawake watatu waliofunikwa leso, uani kwa Mzee Mithika, kule Githongo. Pete ilikuwa imeteleza kwenye kidole cha mwanamke wa tatu bila kusukumwa. Riungu alicheka kwa furaha, akashika ncha ya leso, akavuta.

Leso ilianguka.

Aliyekaa pale hakuwa Gacheri, mchumba wake. Alikuwa Lenah, mdogo wake Gacheri.

Kwanza watu walicheka, kwa kuwa jambo lenyewe ni la kuchekesha. Siku ya kupeleka mahari, kijana huwekewa wanawake waliofunikwa kichwa hadi miguu, mkono mmoja tu ukiwa nje, amtoe aliye wake. Akikosea hulipa mbuzi. Riungu alijiona mjanja kuliko wote waliomtangulia. Alisema hatabahatisha. Pete ilitengenezwa kwa kipimo cha kidole cha Gacheri, kwa hiyo ataijaribu kwa kila mmoja, na itakayemwingia ndiye.

"Mbuzi mmoja," alisema Mzee Mithika, huku akijifuta machozi ya kicheko. Yeye ni baba mdogo wa hao wasichana, na ndiye aliyebaki kuwa baba yao. "Na awe mnono. Huyu mtu ametoka Runyenjes mpaka hapa, halafu amempoteza mke wake kwa hatua mbili."

"Nitalipa, mzee," Riungu alisema. "Lenah, lete pete nimvishe mwenyewe."

Lenah aliivua polepole. Ilikuwa pete ya fedha ya muundo wa zamani, nyaya nyembamba zimesokotwa pamoja, na juu yake vitone vidogo kama punje za wimbi. Sonara wa upande wa Ethiopia ndiye aliyeitengeneza, kule mpakani Moyale. Gacheri aliwahi kuiona pete ya namna hiyo kwenye kidole cha mke wa Jumaa, mchinjaji wa Majengo, akaisifu mara moja tu. Miaka miwili ikapita, na Riungu alikuwa bado anakumbuka. Tusimnyime hilo. Alikumbuka.

Gacheri alikuwa mwanamke wa kwanza kati ya wale watatu. Alijifunua leso mwenyewe, akanyoosha mkono.

Pete iliingia mpaka kwenye kifundo cha kidole. Ikasimama.

Riungu alisukuma. Haikwenda.

"Zungusha," mtu alisema.

Akazungusha. Haikwenda.

Kile kicheko kikaanza kupungua, kuanzia kwa waliokaa mbele.

Wazazi wa Gacheri walikufa Lenah akiwa darasa la tatu. Gacheri aliacha shule akiwa kidato cha pili, akachuma kahawa kwenye mashamba ya watu, akalima kwa jembe alfajiri na kupasua kuni jioni. Lenah akasoma, akavaa viatu, akaenda chuo cha ualimu. Leo Lenah ana vidole vyembamba vya kushikia chaki. Kifundo cha kidole cha Gacheri kimekuwa kikubwa kama kokwa.

Makandi, shangazi yao, alileta mafuta ya kupikia kwenye kisahani. Akampaka Gacheri kidole chote kwa utaratibu, kama anayempaka mtoto mchanga.

"Sukuma sasa," Gacheri alimwambia Riungu.

"Utaumia."

"Sukuma tu."

Akasukuma. Nyaya za pete zikakamata ngozi, ngozi ikapasuka, damu ikatoka ikachanganyika na mafuta. Gacheri hakulia wala hakurudisha mkono. Riungu naye hakuacha.

"Wacha," Makandi alisema, akamshika mkono. "Huyu si ng'ombe wa kutiwa alama."

Akaichomoa pete, akaiweka mkekani. Akakileta kidole cha Gacheri mdomoni mwake, akakipuliza, akakipuliza tena. Mzee mmoja wa upande wa Runyenjes, ambaye jina lake hatukulishika, alitoa kitambaa chake cha mfukoni akampa.

Ndipo Ciakuthii aliposimama. Huyu ni mama yake Riungu.

"Sasa mmeona wenyewe," alisema. "Mimi sikusema neno. Pete ni ya kidole. Hiki ni mpini."

Vijana wawili nyuma walicheka, kisha wakaona wanacheka peke yao.

"Mama Riungu," Mzee Mithika alisema, "hiyo lugha haiwezi kusemwa kwangu. Tuambiane kwanza kipimo kilitoka wapi."

"Nilimpa Lenah kazi hiyo," Riungu alijibu. "Nilitaka Gacheri asijue. Nikamwambia ampime akiwa amelala."

Macho yote yakamwendea Lenah.

"Na nikampima," Lenah alisema. "Chake. Kwa uzi mweupe wa kushonea."

"Alijipima mwenyewe," sauti ya mwanamke ilisema kutoka jikoni. "Kwani hamwoni?"

"Sikujipima."

"Basi pete ilikujuaje?"

Lenah aliitazama mikono yake.

Jumaa alikuwa amekaa pembeni na chai yake. Ni mtu wa Majengo, hufuata ng'ombe Moyale kila mwezi kwa lori, na ndiye aliyepeleka kipimo kwa sonara na kurudi na pete. Hakupenda kuingilia mambo ya wakwe. Lakini alimtazama Lenah jinsi alivyobanwa, akamwonea huruma.

"Wazee, mniruhusu," alisema. "Yule fundi ana desturi yake. Pete ikiisha, huirudisha na kile kipimo, vimefungwa pamoja kwenye karatasi. Ni ili mtu asije akasema fundi alikosea. Kipimo ninacho hapa."

Akatoa pochi, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaifungua mbele ya Mzee Mithika.

Ndani mlikuwa na kitanzi cha uzi. Mzee Mithika aliokota pete, akakiweka kitanzi juu yake. Vilitoshana kabisa.

Lakini uzi haukuwa mweupe. Ulikuwa uzi wa sufu, rangi ya damu ya mzee.

"Huo si wangu," Lenah alisema.

Gacheri aliutazama uzi ule. Kisha akamtazama Ciakuthii, kwa upole, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

Huko Runyenjes, Ciakuthii ana mashine ya kufuma. Sweta za shule anafuma yeye. Ukisimama barabarani saa moja asubuhi utawaona watoto wanapita makundi makundi, wote rangi hiyo hiyo.

"Riungu," Gacheri aliuliza, "Lenah alipokupa uzi, uliupeleka kwa Jumaa siku ile ile?"

"Hapana. Nililala nao nyumbani, umekunjwa ndani ya karatasi, sikuufungua tena."

"Nyumbani kwa nani?"

Riungu alimgeukia mama yake. Alikuwa ameanza kuelewa.

"Kwangu," Ciakuthii alisema. "Mbona mnazunguka sana? Niliubadilisha mimi."

Aliketi, akapanga sketi yake vizuri magotini.

"Desemba hawa wasichana walikuja kunisalimia. Nikamwambia huyu mdogo, mwalimu, nyoosha vidole nikufundishe kufuma. Nikamzungushia uzi, nikakata. Hakujua kitu, msimsumbue. Nikauhifadhi, nikijua siku ya pete inakuja. Kijana wangu alipoleta ule mweupe, nikautupa motoni."

"Kwa nini?" Makandi aliuliza.

"Kwa sababu nimeongea naye mwaka mzima kwa mdomo. Nikamwambia huyu mwanamke amekuzidi miaka minne. Nikamwambia hana masomo. Nikamwambia ukitembea naye mjini watu watadhani ni mtu wako wa kazi. Hakusikia. Nikasema basi, acha apige goti mbele ya watu, aone mwenyewe ikikataa."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, kama anayeeleza bei ya sweta.

Gacheri alikuwa bado amekikunja kidole chake ndani ya kitambaa cha yule mzee. Jumaa alimsogelea.

"Mama, sikia," alimwambia. "Jumatatu naenda Moyale. Nitachukua kipimo chako sasa hivi, hapa hapa, watu wakiona. Fundi akikaa na kazi siku mbili, nitamngoja. Na sitaki senti ya mtu yeyote."

Matusi yote yale hayakumtoa Gacheri chozi. Maneno haya ya Jumaa yalimtoa. Aliinama kidogo, akajifuta kwa leso.

"Kwangu hakuna pete ya pili," Ciakuthii alisema.

"Hajakuuliza wewe," Makandi alimjibu.

"Tumwulize basi mwenyewe." Mzee Mithika alimgeukia Riungu. "Kijana, uko hapa au umesafiri? Sema."

Riungu alisimama. Kijana mzuri, mrefu, suti ya kijivu imempendeza. Alimtazama mama yake, akamtazama Jumaa, akaitazama pete mkononi mwa mzee.

"Labda tungoje kidogo," alisema. "Mwaka huu mambo yamekuwa mengi. Tungoje mpaka watu wapoe."

"Riungu," Gacheri alisema. "Achana na pete. Nataka unijibu jambo moja."

"Uliza."

"Mimi nilikuwa wa kwanza. Ulipiga goti, ukashika mkono wangu. Nilikubana kidole mara tatu, vile huwa nakubana kanisani maombi yakirefuka. Ulijua ni mimi?"

 Ng'ombe walikuwa wakitafuna zizini.

Riungu angeweza kudanganya hapo. Uongo mdogo tu, na Gacheri angeuchukua nyumbani akaishi nao.

"Nilijua," alisema.

"Ukapita."

"Pete haikuingia, Gacheri. Na watu walikuwa wananitazama."

Gacheri alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji yake akaona imetimia.

Mzee Mithika hakuweza kuishika tena ile pete. Aliiacha ikaanguka mkekani. Lenah ndiye aliyeinama akaiokota. Ilikuwa na damu ya dada yake kwenye vile vitone, na mafuta. Alichukua ncha ya leso, akaanza kuifuta taratibu, kitone kimoja baada ya kingine. Makandi alimtazama akafikiri, huyu mtoto ana moyo, anaisafisha wairudishe kwa heshima.

Ciakuthii naye alikuwa anamtazama.

"Wazee wa Githongo," Ciakuthii alisema, "mtamba yuko zizini kwenu, na fahali, na kondoo wawili. Asali mmepokea. Sisi hatukutoka Runyenjes ili turudi na kamba mikononi. Tuliomba binti katika boma hili, na pete imemkubali binti mmoja wa boma hili. Tunamwomba huyo."

"Mnajaribu watoto wetu kama viatu vya sokoni?" Mzee Mithika aliuliza.

"Kiatu kikikutosha, utakiacha? Mwulizeni mwenyewe. Si mtoto, ni mwalimu."

"Hakuna haja ya kumwuliza. Lenah, mrudishie pete yake."

Lenah hakurudisha. Aliigeuza mara moja, akahakikisha imetakata. Kisha akaivaa.



"Lenah," Gacheri aliita.

"Sikubadilisha uzi," Lenah alisema. "Hilo naapa, Gacheri. Sikujua."

"Nimekuamini. Hilo sikuulizi. Nakuuliza tangu lini."

"Tangu usiku ule nilipokupima. Ulikuwa umelala umechoka, hata viatu hujavua. Nikafunga ule uzi kwenye kidole chako nikatamani kingekuwa changu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Tangu utotoni kila mtu ananiambia nimshukuru Gacheri. Nikipita mtihani, mshukuru Gacheri. Nikinunua hata kitambaa, mshukuru Gacheri. Mwalimu mkuu, mchungaji, kila mtu. Nimechoka kushukuru."

Nadhani hata yeye aliyaogopa yalipotoka. Lakini yalikuwa yametoka.

"Na wewe, Riungu?" Mzee Mithika aliuliza. "Huyu unamtaka?"

Riungu aliangalia viatu vyake. "Mama akiona ni sawa," alisema.

"Basi imekwisha," Ciakuthii alisema.

"Haijaisha." Mzee Mithika aligonga fimbo yake chini kwa hasira. "Hapa kwetu mdogo hatoki nyumbani kabla ya mkubwa, ila mkubwa akinywa kwanza uji wa kumruhusu, kwa hiari yake. Bila hivyo, hata mlete ng'ombe mia. Na Gacheri hawezi kunywa. Nani angeweza kunywa leo?"

Alidhani amefunga mlango. Ciakuthii aliuona ufunguo.

Kibuyu cha ucuru kilikuwa tayari kimeandaliwa, uji wa wimbi uliochachuka vizuri, wa Gacheri kunywa na Riungu. Ciakuthii alikichukua kwa mikono miwili. Akatembea mpaka mbele ya Gacheri, akainama, akampa kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha hata siku moja.

"Kunywa, mwanangu," alisema kwa sauti laini. "Huyu umemlea wewe. Ulimnunulia vitabu, ukamvalisha. Umeshampa kila kitu. Utamnyima hiki kimoja?"

"Mwaga," Makandi alimwambia Gacheri. "Mwaga hapo chini, mwari wangu. Hakuna atakayekulaumu."

Gacheri alipokea kibuyu. Alimtazama Lenah kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Labda alimwona yule wa darasa la tatu, aliyekuwa akimngoja mlangoni jioni na maji ya kunawa mikono yameshapashwa moto. Maana Lenah pia alikuwa akifanya hivyo, zamani.

Gacheri akanywa.

Hakunywa funda moja. Alikunywa chote, mpaka akainamisha kichwa nyuma, na kilipokwisha alikigeuza kibuyu watu waone. Mahali aliposhika palikuwa na alama nyekundu.

Ciakuthii alipiga vigelegele. Alipiga peke yake, akaacha.

"Nimemfungulia mlango mdogo wangu," Gacheri alisema. "Anaweza kwenda. Ila, baba mdogo, kuna jambo ujue. Lenah bado hajatolewa mahari."

"Mahari si hiyo zizini?" Ciakuthii alisema.

"Hiyo zizini ni mifugo yangu."

Mzee Mithika aliweka mkono sikioni. "Umesema?"

"Mtamba, fahali, kondoo wote wawili. Mama Riungu aliapa hatatoa hata mkia kwa ajili yangu. Riungu alikuja akalia mezani kwangu. Nikachukua fedha zangu za kahawa nikanunua, nikampa alete kama mifugo yake, asije akaaibika mbele yenu." Alivuta pumzi. "Nilimwambia hakuna mtu atakayejua. Na hakuna angejua."

Kila mtu alimgeukia Riungu, na mama yake akawa wa kwanza. Ciakuthii naye alikuwa anasikia hilo kwa mara ya kwanza. 

"Uongo," Riungu alisema. Alilisema akimtazama Lenah. "Anasema hivyo kwa uchungu. Nilinunua mwenyewe."

Gacheri hakubishana naye. "Mwulizeni aliyeniuzia," alisema. "Mnakunywa naye chai."

Jumaa alikuwa amemwahidi Gacheri kwamba siri hiyo ataizika, na alikuwa ameizika. Alimtazama kama anayeomba ruhusa. Gacheri aliinamisha kichwa. Jumaa akaweka kikombe chini, akavua kofia.

"Huyo mtamba mwekundu nilimtoa Moyale mwenyewe," alisema. "Mkimgeuza sikio la kushoto mtaona alama yangu. Aliyenilipa ni huyu mama. Alikuja Majengo kwa miguu mvua ikinyesha, akanilipa, akaniomba nimpeleke mtamba Runyenjes kwa lori langu ionekane ametoka kule."

Hakuna aliyekwenda zizini kuangalia sikio. Haikuhitajika. Riungu alikuwa ameshaokota koti lake la suti, ameshapita kwenye hema la wageni, anatembea kuelekea langoni kwa hatua za mtu anayejizuia asikimbie. Ciakuthii aliinuka akamfuata, akikwepa macho ya watu wake mwenyewe.

Riungu hakugeuka nyuma hata mara moja kuona kama Lenah anakuja.

Lenah alibaki amesimama katikati ya uwanja, mkono wenye pete ameuficha ndani ya ule mwingine. Alimgeukia dada yake. 

Gacheri alimrudishia Makandi kibuyu.

"Mfuate," alimwambia Lenah. "Nimeshakunywa."